Toa malai, bakisha kalsiamu: mwongozo wa maziwa mepesi kwa sisi watu wa Mombasa

Mamangu ana miaka 63 na maisha yake yote chai yake ni ya maziwa matupu, tangawizi, iliki, na malai, yale mafuta ya maziwa, juu yamekaa mpaka unayakunja na kijiko. Mwaka jana akapimwa kliniki akarudi na habari mbili siku moja: kolesteroli iko juu, na mifupa imeanza kuwa myepesi. Sasa alichofanya ndo kimenifanya niandike hii. Aliacha maziwa kabisa akahamia strungi, manake kichwani mwake maziwa ni mafuta, ukikatazwa mafuta basi na maziwa yaende zake. Yani amepigana na kolesteroli na mifupa akaiwachia Mola.

Nilipomwambia anywe maziwa yaliyotolewa mafuta alinitazama kama nimemtukana. "Yale maji? Mwanangu, nguvu ya maziwa ni malai, wewe wanipa maji ya kuoshea sufuria."

Na si yeye peke yake, nusu ya Mombasa inaamini hivyo. Sasa sikiza. Kalsiamu haikai kwenye malai. Kalsiamu imeshikana na protini ya maziwa na nyingine imeyeyuka kwenye ile sehemu ya maji, mafuta yanaelea tu juu yake kama abiria. Ndo mana kikombe cha maziwa kamili kina kama miligramu 275 za kalsiamu na kikombe hichohicho cha maziwa yasiyo na mafuta kina kama 300. Umesoma sawa, kinazidi kidogo, kwa sababu ukitoa mafuta ile nafasi inajaa maziwa. Na kinyume chake pia ni kweli: samli na siagi, ambazo karibu zote ni mafuta ya maziwa, kalsiamu yake ni kama hakuna.

Haya twende hatua kwa hatua vile tulivyofanya nyumbani.

Hatua ya 1: Jua hesabu yako

Mtu mzima wa miaka 19 mpaka 50 anahitaji kama miligramu 1000 kwa siku. Mwanamke akipita 50 inapanda 1200, manake hedhi ikikatika mifupa inapoteza kalsiamu kwa kasi sana ile miaka ya mwanzo. Wanaume nao wanafika 1200 wakivuka 70. Wanaohitaji zaidi kuliko wote ni vijana wa miaka 9 mpaka 18, hao ni 1300, na hao ndo hao asubuhi wanatoka nyumbani na soda na viazi karai. Mfupa unajengwa ujanani, ukifika kwenye miaka thelathini hivi unachofanya ni kulinda ulichoweka.

Hesabu rahisi ya kichwani: gilasi moja ya mililita 250 ni kama miligramu 300. Gilasi nne ni 1200. Lakini hakuna mtu anakwambia ubugie gilasi nne, kuna vyakula vingine vinasaidia na nitavitaja.

Hatua ya 2: Tofautisha maziwa mepesi na maziwa ya maji

Hapa mamangu alikuwa na haki kidogo ya kushuku. Maziwa yanaweza kuwa mepesi kwa njia mbili. Moja, yametolewa mafuta, hayo kalsiamu yake iko palepale. Mbili, muuzaji ameongeza maji ya mfereji, na hapo umepunguziwa kila kitu, mafuta, protini na kalsiamu, na bei umelipa ileile. Ukiyatazama kwa macho yanafanana.

Wanaonunua kwa jumla wana laktomita ya kupima uzito wa maziwa. Sisi wa nyumbani tunadondosha tone moja kwenye sahani iliyoinamishwa. Maziwa yenyewe yanateremka polepole na kuacha mstari mweupe, ya maji yanakimbia bila alama. Sio kipimo cha maabara, lakini kinakupa fununu, na ukimwona muuza maziwa wako amekasirika ukipima basi jibu umelipata.

Dukani ni rahisi zaidi. Geuza pakiti usome. Maziwa kamili mafuta yake ni kama gramu 3.3 mpaka 3.5 kwa mililita 100. Yaliyopunguzwa ni gramu 1 mpaka 2. Yasiyo na mafuta ni chini ya nusu gramu. Kalsiamu katika yote hayo inatakiwa iwe karibu miligramu 120 kwa kila mililita 100, sasa ukiona pakiti imeandika 50 au 60 jua hicho ni kinywaji chenye maziwa ndani, sio maziwa. Vibanda vya mtaani, uwe Majengo uwe Likoni, mara nyingi wana yale kamili tu, ya mafuta kidogo utayapata supamaketi kubwa za mjini na Nyali. Na wakati mwingine yana bei juu, kitu ambacho mimi sijawahi kukielewa, wametoa kitu alafu wanakuongeza bei.

Ukikosa, kuna maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Hayo mimi nayapenda sana kwa sababu hayaharibiki stima ikipotea. Kijiko kikubwa kimoja kina kama miligramu 90 za kalsiamu na unaweza kukitia popote, kwenye uji, kwenye chai, hata kwenye unga wa mkate. Angalia tu isiwe ile ya rangi ya krimu ya kutia kwenye kahawa, ile ni mafuta ya mimea na sukari.

Hatua ya 3: Toa malai mwenyewe

Hii ni kwa wale wanaonunua maziwa mabichi, ya kukamuliwa. Ya pakiti usijisumbue, mengi kiwandani yameshapitishwa mashine inayovunja mafuta yawe matone madogo sana, hayapandi juu tena hata ukesha unayatazama.

Kwanza lazima uchemshe. Sitaki kusikia habari ya maziwa mabichi yana nguvu, maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu, na kuchemsha hakuui kalsiamu, ile ni madini, haiungui. Chemsha mpaka yapande, punguza moto, yawache yatokote kidogo huku unakoroga ili yasishike chini. Tumia sufuria pana, sio ile ndefu, manake uso ukiwa mpana malai yanapata nafasi ya kupanda.

Alafu yapoze haraka. Joto letu hili ukiyawacha mezani mpaka yapoe yenyewe ni kuwakaribisha bakteria, so weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili, yakishapoa funika utie friji. Usiyaguse usiku kucha. Sisi tunayaweka rafu ya chini kabisa ili mtu akifungua kutafuta maji asiyatikise.

Asubuhi utakuta tabaka nene limekaa juu. Pitisha kisu pembeni lilegee, lichote na kijiko cha matundu, alafu maziwa yenyewe yapitishe kwenye chujio yakiwa bado baridi. Hapo kwenye baridi ndo siri, ukiyapasha kwanza yale mafuta yanayeyuka na kurudi ndani. Ukitaka yapungue zaidi yapashe, yapoze, urudie usiku wa pili. Kwa njia hii mafuta hayatoki yote, hutapata maziwa kama ya mashine ya kiwandani, lakini sehemu kubwa umeitoa, na kwa maziwa ya ng'ombe wa kienyeji ambayo huwa mazito kuliko ya hawa wa kizungu utashangaa bakuli linajaa.

Jambo moja la haki nilitaje: malai yanapotoka yanatoka na vitamini A na D, hizo zinakaa kwenye mafuta. Viwanda vingine vinazirudisha, nyumbani huwezi. Kwa hiyo karoti, maembe, mboga za majani na jua visikosekane.

Hatua ya 4: Kama maziwa yanakusumbua tumbo, yagandishe

Wengi wetu tukikua tumbo linapoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, laktosi. Ukinywa gilasi, baada ya saa moja tumbo linanguruma, gesi, kisha mbio chooni. Watu wanasema "mimi maziwa yananichafua" wanaacha kabisa. Jaribu mala kwanza, maziwa lala, mtindi, liite upendavyo. Bakteria wa mtindi wamekula sehemu ya hiyo sukari na wanakusaidia kusaga iliyobaki. Kalsiamu haipungui.

Vile sisi tunafanya: lita moja ya yale maziwa tuliyotoa malai, korogea vijiko vitatu vikubwa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, manake bila mafuta mala yanatoka mepesi na huo unga unayashikisha, na kalsiamu inaongezeka juu yake. Chemsha, poza mpaka ukitia kidole safi usikie joto la mwili tu. Tia vijiko viwili vikubwa vya mala ya jana au ya dukani isiyo na sukari wala ladha, koroga taratibu, funika na kitambaa safi na kawa, weka pembeni jikoni. Sahau.

Muda unategemea msimu. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari lile joto la kutoa roho, mimi naanza kuangalia saa ya nane tangu nilipoyatia. Wakati wa kusi yanaweza kutaka saa kumi na mbili au zaidi. Yakishikana tia friji mara moja, ukiyawacha yanazidi kuwa makali mpaka meno yanaganda. Siku tatu nne uwe umeyamaliza. Ukiona rangi ya waridi au kijani juu, mwaga, usinusenuse.

Mamangu mwanzoni hakutaka yale maziwa mepesi kwa gilasi lakini mala akayakubali, anatia chumvi kidogo na uzile (bizari nyembamba) uliokaangwa ukasagwa, anakunywa saa kumi alasiri ametulia barazani. Hapo nikajua nimepata mlango.

Na ukiyachuja kwenye kitambaa yawe mazito kama ya dukani yale ya kijiko kusimama, usimwage yale maji ya kijanjano yanayodondoka. Kalsiamu nyingi inashuka nayo. Kandia unga wa chapati, utaona zinavyokuwa laini.

Hatua ya 5: Igawanye kwa siku, usiirundike

Mwili ukipewa kalsiamu nyingi kwa mpigo unachukua kidogo tu, inayofaa ni kama 500 kwenda chini kwa wakati mmoja. Siku ya mamangu sa hii iko hivi.

Asubuhi chai kikombe kikubwa, nusu maziwa mepesi nusu maji, na kijiko kikubwa cha maziwa ya unga. Hiyo ni kama 270. Mchana ugali na sukuma na dagaa, tuseme 150. Alasiri gilasi ya mala, 300. Magharibi chai nyingine nusu maziwa, 180. Kabla ya kulala gilasi ya maziwa ya moto na mdalasini, 300. Jumla ni 1200, na hakuna siku ameona kama anakunywa dawa.

Kuhusu hizo mboga, sukuma wiki ni rafiki, kalsiamu yake mwili unaichukua vizuri. Mchicha na spinachi usizihesabu kwa kalsiamu, kwenye karatasi zinayo nyingi lakini imefungwa na asidi ya oksaliki na mwili unapata chembe tu, kule kwa spinachi ni kama asilimia 5 wakati kwa maziwa ni kama 30. Endelea kuzila kwa mambo mengine. Dagaa ni kwa sababu unawatafuna na mifupa yao, minofu ya samaki mkubwa haikupi hicho kitu. Uji wa wimbi nao uko vizuri, na ukiupika kwa maziwa mepesi badala ya maji umepiga ndege wawili.

Ramadhani hesabu haibadiliki, dirisha tu ndo linakuwa dogo. Mala kwenye futari, chai ya maziwa baada ya taraweh, gilasi au uji wa maziwa kwenye daku. Mala ya daku tena yanatuliza kiu, mradi usitie chumvi.

Hatua ya 6: Usijidanganye na hivi

Tui. Najua tunaliita maziwa ya nazi, lakini halina uhusiano wowote na ng'ombe, kalsiamu yake ni ya kutafuta na tochi. Na hapa ndo kuna kichekesho chenyewe. Gilasi tatu za maziwa kamili zina kama gramu 14 za yale mafuta magumu yanayopandisha kolesteroli, na mtu wa kawaida kwa siku nzima asivuke kama gramu 22. Sasa nusu kikombe cha kasimile, lile tui zito la kwanza, kinazo zaidi ya 20 peke yake. Mtu anajinyima maziwa mwezi mzima, alafu Ijumaa anakula wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka, na mahamri yaliyokandwa kwa nazi. Sisemi uache nazi, Mombasa bila nazi ni kutuhamisha. Nasema kama daktari amekwambia punguza mafuta, anza kwenye kifumbu cha kukamulia nazi kabla hujafika kwenye gilasi ya maziwa. Tumia tui la pili zaidi, kasimile liwe la kumalizia, kijiko kimoja au viwili.

Yogati za ladha. Laktosi ya maziwa yenyewe ni kama gramu 5 kwa kila 100. Ukiona lebo imeandika 13, hizo 8 za juu karibu zote ni sukari ya kutiwa, sawa na vijiko viwili vya chai kwa kikopo kidogo. Imeandikwa haina mafuta kwa herufi kubwa mbele, sukari kwa herufi za mchwa nyuma. Nunua isiyo na ladha ukatie embe lako.

Faluda na aiskrimu, furaha tu, tusiziite lishe. Maziwa ya kopo matamu, sukari. Majarini sio maziwa kabisa.

Hatua ya 7: Jua na miguu

Bila vitamini D kalsiamu nyingi inapita tu. Na unaweza kuishi Mombasa jua la kuchoma kichwa mwaka mzima ukawa huna, hasa kina mama wanaotoka na buibui na wakirudi wako ndani nyumba zimebanana. Dawa ni kukaa uwani au juu ya paa la sakafu, faragha yako, mikono na miguu wazi, dakika chache mara kadhaa kwa wiki. Kama hilo haliwezekani omba upimwe, vidonge vipo.

Na mfupa unapenda mzigo, usipotembea unadhani hauhitajiki. Mamangu anatembea Mama Ngina, pale ufukweni, jioni na shoga zake, wanaongea kuliko kutembea lakini tunahesabu hivyohivyo.

Hatua ya 8: Nani asifuate hii bila kuuliza

Mtoto chini ya miaka miwili asipewe maziwa yaliyotolewa mafuta, ubongo wake unayahitaji, na chini ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu hata yawe kamili. Mwenye shida ya figo aongee na daktari wake kwanza, maziwa yana fosforasi nyingi. Mwenye kupata vipele au kufura akinywa maziwa, hiyo ni mzio wa protini, mala haitamsaidia.

Dawa sasa, hapa watu wanakosea sana. Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini usizimeze na maziwa wala mala, kalsiamu inazikamata tumboni na dawa haifanyi kazi vizuri, acha kama saa mbili hivi kati yake. Dawa ya thairoidi acha nafasi ya saa nne. Na vile vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito kliniki, wengi wanavimeza na chai ya maziwa ili kuua ile ladha, hapo umevipunguza nguvu mara mbili, kwa majani ya chai na kwa maziwa. Meza na maji au juisi ya ndimu.

Kuhusu lile bakuli la malai tunalochota kila asubuhi: tulikubaliana liende kwa ndugu yangu mdogo ambaye hata ale nini hanenepi. Wiki hii nimemkuta bi mkubwa jikoni na chapati ya moto, na bakuli liko wazi. Akaniambia anaonja tu kama yameharibika.